Sifa za Jumatatu: namna ya kumsifu Mungu nyumbani, njiani na kazini

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, tuliambiwa tuhame. Mitaa 10 kati ya 18 ya Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, ilitakiwa iondoke mara moja, na barabara ya Sake ikafurika watu: magodoro kichwani, watoto mgongoni, bidoni, mbuzi, chukudu (zile baiskeli za mbao za kusukuma) zilizopakiwa hadi juu. Wakati ule nilikuwa nimeongoza kikundi cha sifa kanisani kwetu kwa miaka mingi. Nilijua kupandisha wimbo, kuushusha, na kuwafanya watu wainue mikono. Katika barabara ile nikajikuta sina neno. Kinanda hakikuwapo, ngoma hazikuwapo, na kinywa changu kilikuwa kikavu.

Mbele yangu alitembea mama mzee mmoja aliyejifunga kikwembe kiunoni na kushika fimbo. Alikuwa anasema polepole, kama mtu anayehesabu pesa za soko: "Aksanti Baba juu ya hii miguu." Kisha kimya, hatua kama ishirini. "Aksanti juu kumekucha na tungali wazima." Kimya tena. "Aksanti juu ya huyu kijana amenibebea godoro." Nilimfuata nyuma hadi karibu na Mugunga nikimsikiliza. Kila alipofungua kinywa alikuwa na jambo jipya.

Mwongozo huu umetokana na safari ile na miaka iliyofuata. Nimejifunza kwamba kumsifu Mungu, kabla hakujawa wimbo, ni kutaja. Unamtaja yeye, unataja alivyo, unataja alichotenda, na unataja kwa neno linaloshika kitu. Anayejua kutaja atasifu jikoni, atasifu sokoni, atasifu hospitalini. Anayejua kuimba tu atangoja Jumapili.

Kwanza, tenganisha maneno

Kanisani tunasema "sifa na kuabudu" kwa pumzi moja, na mara nyingi maana yake kwetu ni nyimbo za haraka kwanza, nyimbo za polepole baadaye. Maandiko yanatupa zaidi ya hapo.

Kushukuru ni kumrudishia Mungu neno kwa alichokutendea: umelala, umeamka, mtoto amepona. Kusifu ni kutangaza alivyo yeye, hata pale ambapo leo hujapokea kitu: ni mwema, ni mwaminifu, anawakumbuka wanyonge. Kuabudu ni kujinyenyekeza mbele zake, na jambo hilo laweza kufanyika bila sauti yoyote. Mambo haya matatu hushikana mikono. Lakini ukijua lipi ni lipi hutakwama siku unayoona huna la kushukuru, kwa sababu la kusifu bado lipo. Yeye hajabadilika.

Jambo lingine nililolijua nikiwa nimechelewa: kitabu cha Zaburi kwa Kiebrania kinaitwa Tehilim, yaani "Sifa". Na ndani ya kitabu hicho chenye jina la Sifa, zaburi nyingi mno ni maombolezo. Kuna watu wanamlilia Mungu, wanamuuliza mbona amejificha, wanalalamika juu ya adui na homa na marafiki waliowatoroka. Waliokusanya zaburi hizo hawakuona aibu kuziita zote Sifa. Nitarudi hapo nikifika kwenye siku mbaya.

Hatua ya kwanza: saa mbili, sentensi tatu

Zaburi 92 inasema ni neno jema kuzitangaza rehema za Mungu asubuhi, na uaminifu wake wakati wa usiku. Angalia mpangilio huo. Asubuhi hujui siku itakuwaje, kwa hiyo unashika rehema. Usiku siku imepita, umeona mwenyewe, unashuhudia kwamba hakukuacha. Anza na saa hizo mbili tu. Najua mtunga Zaburi 119 alimsifu Mungu mara saba kwa siku, lakini anayeanza na saba mara nyingi huacha Jumatano.

Asubuhi, kabla hujagusa simu, kaa kitandani au simama mlangoni. Sema sentensi tatu, kwa sauti, hata kama ni ya kunong'ona. Ya kwanza inamtaja Mungu alivyo. Ya pili inataja alichotenda, katika Maandiko au katika maisha yako. Ya tatu inataja kitu kilicho mbele ya macho yako sasa hivi.

Kwangu, asubuhi moja ya wiki iliyopita ilikuwa hivi: "Bwana, wewe hulali wala husinzii. Uliwatunza Israeli jangwani miaka 40, na umeitunza nyumba hii ya mbao usiku kucha. Nasikia mtoto anakoroma pale, pumzi yake ni yako, jina lako lisifiwe." Ilichukua muda mfupi kuliko kuwasha makala, yaani mkaa.

Sentensi ya tatu ndiyo inayowashinda wengi, na ndiyo ninayokuomba usiiruke. Tumezoea maneno makubwa: "Unastahili, unastahili, unastahili." Ni kweli anastahili. Lakini ukiyarudia bila kuyashikisha kwenye kitu, ulimi unaendelea na moyo unatoka nje kutembea. Tafuta kitu. Harufu ya makala yanayoanza kushika. Ukungu juu ya Ziwa Kivu, nao wavuvi wanarudi na sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa, huku wakiimba ili makasia yaende pamoja. Sauti ya jirani anayefagia. Mlima wenyewe: usiku fulani tumeuona ukiwaka wekundu juu ya mji, na Zaburi 104 ina mstari ambao mtu wa Goma anausoma kwa namna ya pekee: "Aitazama nchi, inatetemeka, aigusa milima, inatoka moshi." Mtunga zaburi hakuusema mstari huo ili atutishe. Mara tu baada yake anasema atamwimbia Bwana maadamu anaishi.

Usiku fanya vilevile, lakini geuza macho nyuma. Pitia siku tangu asubuhi, kama unavyopitia mfuko ukitafuta sarafu, na utoe jambo moja. Moja linatosha. Motari, dereva wa pikipiki, aliyekataa kukupandishia bei wakati mvua inanyesha. Deni ulilolipwa. Neno baya lililofika kwenye ncha ya ulimi ukalimeza.

Hatua ya pili: zaburi moja kwa wiki

Maneno yako mwenyewe yataisha. Hilo si dhambi, ndivyo tulivyo. Ndiyo maana tumepewa kitabu kizima cha kuazima maneno.

Chukua zaburi moja ukae nayo siku saba. Ningeanza na Zaburi 103, kwa sababu Daudi haanzi kwa kuzungumza na Mungu wala na watu, anazungumza na nafsi yake: "Ee nafsi yangu, umhimidi Bwana, wala usizisahau fadhili zake zote." Anajua nafsi husahau. Anaishika bega, anaiamsha, kisha anaanza kuihesabia: husamehe, huponya, hukomboa, hushibisha. Hapo unajifunza kwamba huhitaji kungoja moyo uwe tayari. Unaweza kuuamuru kwa upole.

Baada ya 103 nenda 113, 145, 146. Mtu asiyeweza kusoma, au mtoto mdogo, mpe Zaburi 117: ina mistari miwili tu, ndiyo fupi kuliko zote, na mtu huishika kwa siku moja. Isome kwa sauti, mstari mmoja, usimame, uongeze neno lako, uende mstari unaofuata. Usikimbilie mwisho.

Zaburi 136 iweke kwa ajili ya familia. Ina mistari 26, na kila mmoja unamalizika kwa maneno yaleyale: "kwa maana fadhili zake ni za milele." Ilitungwa kwa kuitikia, na sisi watu wa huku tunajua kuitikia tangu tumboni. Nyumbani kwetu tunafanya hivi: baada ya kula bugali, mmoja anasoma nusu ya kwanza ya mstari, wote wanaitikia nusu ya pili. Tukimaliza, kila mtu anatoa mstari wake wa siku hiyo. Binti yangu mdogo aliwahi kusema, "Alinisaidia kwenye hesabu," tukaitikia wote, "kwa maana fadhili zake ni za milele." Kaka yake akasema, "Leo umeme umerudi." Tukaitikia. Mume wangu alikaa kimya muda, kisha akasema, "Nilimkasirikia mkubwa wangu wa kazi, nikanyamaza." Tukaitikia. Sijui mahubiri yoyote yaliyowafundisha watoto wangu sifa kuliko dakika zile.

Ukiisoma kwa makini utaona zaburi hiyo inapita kwenye mambo makubwa, mbingu na jua na mwezi, Bahari ya Shamu iliyogawanyika, wafalme walioangushwa, halafu kwenye mstari wa 25 inashuka mezani: "Awapaye chakula wote wenye mwili." Sahani ya sombe, majani ya muhogo, imewekwa kwenye orodha moja na bahari iliyogawanyika. Basi usione haya kumsifu Mungu kwa chakula.

Hatua ya tatu: ifunge sifa kwenye kazi ya mikono

Chagua kazi moja unayoifanya kila siku bila kukosa, uifanye kuwa kengele yako. Kila unapoigusa, unasema neno. Kwa mwanamke wa mtaani kwetu inaweza kuwa bidoni. Unakwenda kuchota maji, bomba likikauka unateremka ziwani, unainamisha ile bidoni ya njano, inapiga mdundo wake hadi inajaa. Muda huo wa kujaa ni wako. Sema: "Bwana, wewe ni chemchemi." Kisha uipandishe.

Dereva wa chukudu hawezi kusema zaburi nzima akisukuma gunia za viazi kwenye mlima. Hana pumzi hiyo. Ana pumzi ya neno moja kwa kila hatua: "Mwema. Mwema. Mwema." Ninamjua mmoja anayefanya hivyo, naye anasema kwenye mteremko ndipo anaimba. Fundi wa kushona anaweza kuanza kila nguo kwa neno. Mwalimu, anapofuta ubao. Motari abaki na macho wazi na masikio kwenye honi. Akifika kituoni, kabla hajapokea pesa, aseme "asante Bwana tumefika". Sifa haimtaki mtu aache kazi nusu.

Hapa lazima niseme jambo ambalo si tamu. Sifa iliyofungwa kwenye kazi itaikagua kazi hiyo. Mama anayeuza maharage sokoni Virunga akiimba siku nzima, lakini kopo lake la kupimia limebonyezwa kitako ili lichukue kidogo, wimbo wake umemkosa Mungu njiani. Mithali 11 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Katika Amosi 5 Mungu anasema waziwazi, "Niondoleeni kelele za nyimbo zenu," kisha anataja anachokitaka: hukumu iteremke kama maji, na haki kama kijito chenye nguvu. Waimbaji wale hawakuwa na sauti mbaya. Maskini walikuwa wanaonewa mlangoni pao.

Kwa hiyo, ukitaka kujua sifa yako inakwenda vizuri, angalia kopo lako.

Hatua ya nne: nyimbo, na jinsi ya kuzichagua

Uwe na nyimbo tano unazozijua mwanzo hadi mwisho bila kitabu, bila simu, bila kinanda. Tano tu. Siku umeme umekatika na betri imekufa, hizo ndizo utakazobaki nazo.

Namna ya kuzichagua: andika maneno ya wimbo kwenye karatasi. Pigia mstari kila mahali anapotajwa Mungu na alichofanya. Kisha zungushia kila "mimi", "yangu", "nitapata". Wimbo ambao karibu wote ni "nitapata" unaweza kuwa maombi, unaweza kuwa faraja, lakini usiutegemee kama sifa. Nilifanya zoezi hili na kikundi chetu chote, tukakaa kimya tulipoona karatasi zetu. Tulikuwa tunajiimbia.

Imba kwa lugha uliyolelewa nayo. Goma ni mji wa Kinande, Kihunde, Kinyarwanda, Mashi, Kihavu, Lingala na Kifaransa, na Kiswahili kinatuunganisha wote. Lakini kuna neno ambalo bibi yako alilisema akikubeba mgongoni, na hakuna tafsiri itakayolifikia. Tumia hilo ukiwa peke yako na Mungu.

Na sauti? Nyumba zetu nyingi ni za mbao, zimejengwa juu ya mawe ya volkano, na ukuta wa mbao hauzuii kitu. Jirani anasikia ukikohoa. Ukiamka saa kumi usiku kumwimbia Mungu kwa sauti yote, mgonjwa wa ng'ambo ya ukuta, au mama aliyembembeleza mtoto hadi saa tisa, atachukia wimbo na aliyeimbiwa pia. Zaburi 47 inasema "imbeni kwa akili". Nong'ona. Hana, mama yake Samweli, aliomba midomo ikitikisika na sauti isisikike, na Mungu alimsikia.

Hatua ya tano: siku mbaya

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanaumizwa na mafundisho.

Mwishoni mwa Januari 2025 mapigano yalifika mjini. Tulilala chini sakafuni, mbali na dirisha, familia nzima kwenye chumba kimoja. Umeme ulikatika, maji yakakatika. Kila mlio ulipopita, mtoto aliniminya mkono. Katika saa zile sikuimba. Asiniambie mtu kwamba niliasi. Nilichoweza kukifanya ni kusema Zaburi 13 kwa kunong'ona, kwa sababu nilikuwa nimekaa nayo wiki moja mwaka uliotangulia na ilikuwa bado ipo ndani.

Zaburi hiyo ina mistari sita tu, na inafaa kila Mkristo wa mji huu aijue kwa moyo. Miwili ya kwanza ni malalamiko: "Ee Bwana, hata lini utanisahau?" Inauliza "hata lini" mara nne. Miwili inayofuata ni ombi: uniangalie, unijibu, uyatie nuru macho yangu. Wa tano ni tumaini: "Nami nimezitumainia fadhili zako." Wa sita ndio wimbo. Sifa imefika mwishoni, baada ya kilio. Haikukifunika kilio wala kukikemea.

Ukiwa katika siku kama hiyo, fuata njia hiyohiyo kwa maneno yako. Mwambie Mungu kinachouma, bila kukipamba. Omba jambo unalolihitaji, kwa jina lake: maji, habari za ndugu aliye ng'ambo, usingizi. Kisha taja jambo moja ulilowahi kuliona kwake, hata kama ni la miaka 10 iliyopita. Ukiweza kumaliza kwa wimbo, maliza. Usipoweza, ishia hapo. Zaburi 88 haifiki kwenye wimbo kabisa. Neno lake la mwisho ni giza. Nayo imo ndani ya kitabu cha Sifa. Aliyeitunga hakuwa na furaha, lakini alikuwa bado anazungumza na Mungu.

Watu hunisomea 1 Wathesalonike 5:18, "shukuruni kwa kila jambo", kisha wanataka mama aliyempoteza mtoto ashukuru kwa kifo cha mtoto wake. Kigiriki cha Paulo pale kinasema "katika kila jambo". Upo pia mstari wa Waefeso 5:20 unaosema kushukuru kwa mambo yote, na siukwepi. Ila nausoma pamoja na Bwana Yesu aliyelia kaburini kwa Lazaro, akijua wazi kwamba muda si mrefu angemfufua. Ayubu vilevile: kabla hajasema "jina la Bwana na libarikiwe", alisimama, akararua joho lake, akanyoa kichwa, akaanguka chini. Mwacheni mtu ararue joho lake kwanza.

Ukienda kwenye kilio, basi, usimwambie mfiwa "wewe msifu Mungu tu, mama". Sema "pole", kaa chini kwenye mkeka, teka maji, pika. Kama ataimba, imba naye sauti ya pili. Kama hataimba, wewe msifu Mungu kimoyomoyo kwa ajili yake, kama walivyofanya wale wanne waliombeba mwenzao aliyepooza mpaka juu ya dari.

Kuna neno moja dogo nalipenda katika Habakuki 3: "walakini". Nabii anataja mambo yaliyokosekana, moja baada ya jingine: mtini hautachanua, mizabibu haina tunda, mashamba hayatoi chakula, zizini hamna kundi la kondoo. Orodha ya mkulima wa nchi yake. Kisha: "Walakini nitamfurahia Bwana." Mwaka jana tuliandika ya kwetu kwenye kikundi cha akina mama, na ilianza hivi: "Ijapokuwa benki zimefungwa, na mwenye nyumba anadai, ijapokuwa makala yamepanda bei na sambaza ni wachache kwenye ndoo, ijapokuwa shamba la wazazi wetu hatuwezi kulifikia…" Tulipofika kwenye "walakini" wengine walilia, na hatukuharakisha. Andika orodha yako. Iwe ya kweli. "Walakini" isiyotanguliwa na orodha ya kweli haina uzito.

Hatua ya sita: kumbukumbu

Hii ni fupi. Nunua daftari la mtoto wa shule. Kila usiku andika tarehe na lile jambo moja, mstari mmoja. Siku ya kwanza ya mwezi, soma mwezi uliopita. Utashangaa ulivyokuwa umesahau.

Kama hupendi kuandika, weka jiwe. Israeli walipovuka Yordani walichukua mawe 12 mtoni ili watoto wakiuliza mawe haya maana yake nini, wasimuliwe. Sisi mawe hatukosi. Nyumba moja ninayoifahamu ina kipande cheusi cha lava ya Januari 2002, ile iliyopita katikati ya mji na kuangusha hata kanisa kuu la Wakatoliki. Kimewekwa dirishani kando ya kibatari. Mtoto akiuliza, baba anaeleza walivyokimbia, nani aliwapokea, na walichokula usiku ule. Hayo ni masifu, ingawa hakuna aliyeimba.

Hatua ya saba: mbele ya wengine

Tunasalimiana "Bwana asifiwe!" na tunajibiwa "Amina!" kabla hatujatazamana usoni. Jaribu kuipa salamu hiyo nyama. "Bwana asifiwe, mama, nimepata kazi ya wiki mbili." Mwenzako naye atakuwa na cha kuitikia.

Ukitoa ushuhuda kanisani, uwe mfupi na uwe wa kweli. Usiongeze chumvi, Mungu hahitaji uongo wetu ili aonekane mkubwa. Kama ulimeza dawa na ukapona, sema ulimeza dawa, umsifu Mungu kwa dawa na kwa muuguzi. Usitoe siri za mume, za mkwe, za jirani. Na mwishoni jiulize waliokusikiliza wameondoka wakimkumbuka nani.

Jihadhari na sifa ya biashara. Wapo wanaofundisha kwamba ukisifu sana mlango utafunguka, visa itatoka, mchumba atakuja. Yehoshafati aliwatanguliza waimbaji mbele ya jeshi na Mungu akawashinda adui zao, ni kweli, tunausoma ushindi huo katika 2 Nyakati 20. Paulo na Sila waliimba usiku wa manane na milango ya gereza ikafunguka. Lakini soma vizuri Matendo 16: milango ilipofunguka hawakukimbia. Walikuwa hawaimbi ili watoke. Yohana Mbatizaji naye alikuwa gerezani, na mlango wake ulifunguliwa na askari aliyekuja kumkata kichwa. Mungu wa Paulo ndiye Mungu wa Yohana. Ukimsifu kwa ajili ya mlango, siku mlango usipofunguka utaacha kumsifu.

Na ulimi. Yakobo anasema katika kinywa kilekile hutoka baraka na laana, na haifai kuwa hivyo. Nimewahi kutoka mazoezi ya kwaya, sauti bado ina wimbo, nikafika kona na kuanza kumsema dada mwenzangu wa sauti ya kwanza. Nilienda kumwomba msamaha baada ya siku tatu. Kabla ya siku hiyo nilipanda jukwaani mara moja, na ninakumbuka nilivyokuwa naimba kama mtu aliyemeza jiwe.

Ukikosa siku

Utakosa. Utaugua, utasafiri, utachoka, mtoto atalia alfajiri yote. Usilipe siku iliyopita kana kwamba ni deni la duka. Anza tena ulipo, kwa sentensi moja badala ya tatu kama ndiyo nguvu uliyonayo. Waebrania 13:15 inaita sifa "tunda la midomo", na mti haukemewi kwa msimu uliopita, unapaliliwa.

Wiki ya kwanza usijaribu hatua zote. Chukua saa mbili na Zaburi 103. Wiki ya pili ongeza bidoni yako, au cherehani, au ubao. Daftari laweza kungoja mwezi wa pili. Zaburi 136 mezani ianze Ijumaa moja tu kwa wiki, watoto wasiichoke.

Yule mama mzee tuliachana naye Sake, kwenye uwanja uliojaa watu, kila mmoja akitafuta mahali pa kutandika. Nilimsaidia kulishusha godoro. Alikaa, akanyosha miguu mbele yake, akaitazama ilivyovimba, akaigusa kwa kiganja. Kisha akasema, "Aksanti Baba, tumefika na giza haiyaingia."